Sifuri Niliyoitoa Mstarini

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto wote hapo nyumbani. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Nimesikia umekataa kwenda hospitali, ati fundi wa mafriji hafunguliwi na fundi mwingine. Acha utani wako, Kaka, nenda ukaangaliwe. Sisi huku tupo. Binti yangu bado yuko kwenye lile duka la dawa, na siku hizi akirudi jioni hataki nishike hata sufuria. Utaelewa sababu ukiendelea kusoma. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua, mtu akilia kwenye simu wewe unaanza kuongea habari za mvua. Kwa hiyo nimeandika.

Unajua nimefundisha hesabu darasa la nne tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na wewe hukuacha kunicheka kwamba umri wote huo nimeumaliza kwenye mamoja na makumi. Cheka tu. Watoto wengi wanaweza kujumlisha, ila ukiwaandikia namba ndefu wanaikodolea macho kama mgeni aliyeingia bila hodi. Ndiyo maana nilichora vile visanduku saba kwa rangi nyeupe kwenye sakafu ya baraza, mbele ya darasa langu. Cha kulia kabisa ni mamoja, kinachofuata makumi, kisha mamia, maelfu, makumi elfu, malaki, na cha mwisho kushoto mamilioni. Kila mtoto anashika kadi yenye tarakimu moja, anasimama kwenye kisanduku chake, na walioketi wanaisoma namba kwa sauti. Mwenye nne akiwa kwenye mamoja ni nne tu, hata kununua heshima hawezi. Msogeze hadi kwenye mamilioni, kadi ni ileile, mtoto ni yuleyule, lakini darasa zima linampigia makofi.

Taabu ilikuwa kwa wenye sifuri. Hakuna aliyetaka kusimama na kadi ya bure. Mwaka huu nikampata msichana mmoja mdogo wa umbo, tukimwita Kibiriti kwa jinsi anavyowaka haraka, ambaye alikuwa akiigombania sifuri. Aliwaambia wenzake kwamba yeye ndiye mlinzi, akiondoka yeye wote waliomtangulia wanashuka cheo. Kaka, sijawahi kusikia mtu mzima akilieleza jambo hilo vizuri hivyo. Nilimpenda yule mtoto, nakwambia ukweli, ingawa mwalimu hatakiwi kuwa na kipenzi.

Basi asubuhi moja muhula uliopita niliwapanga mstarini. Nne, sifuri, saba, sifuri, tatu, sifuri, sita. Darasa likasoma kwa pamoja kwamba ni milioni nne, elfu sabini, mia tatu na sita. Mimi nikawaambia wamekosea. Nilikuwa nawatazama wale watoto na kadi zao, kila tarakimu naijua kwa sura, lakini sikujua nianzie wapi. Ni kama kuingia jikoni kwako mwenyewe na kusahau vijiko vinakaa wapi, ukasimama katikati unageuka tu. Badala ya kunyamaza, nikafanya ukali, kwa sababu ukali huwa haunisahau.

Kibiriti alikuwa na ile sifuri ya kwanza, kwenye malaki. Nikamwambia hana kazi pale, akakae. Akakataa. Akasema kwa adabu kabisa kwamba akitoka, mwenye nne ataanguka. Nikamwita mjeuri mbele ya wenzake. Nikamtoa mstarini kwa mkono wangu, nikamwambia mwenye nne asogee kuziba pengo, kisha nikawalazimisha wasome tena. Wakasoma laki nne, elfu sabini, mia tatu na sita. Nikawapongeza. Kibiriti alirudi kwenye dawati lake, akainama, mabega yakawa yanatikisika. Nami nikaandika ubaoni kile nilichotaka wanakili, nikasimama pale wakinakili mpaka wa mwisho.

Usidhani ilikuwa siku ile tu. Ile asubuhi nilijiambia ni uchovu, na kesho yake kweli niliamka nikiwa sawa, nikazisoma namba kubwa kama zamani. Halafu ikarudi. Ikawa inakuja na kuondoka ipendavyo, nami nikajikaza kisabuni, nikawa napigia madaftari yao mikasi ya kukosa bila kujua nilichokata. Aliyekuwa amepata alifuta akaandika alivyoona mwalimu anataka. Wanangu wale waliniamini mno.

Mwalimu mkuu aligundua kwenye mtihani. Darasa langu ndilo lililokuwa likiongoza kwa namba kubwa kila mwaka, safari hii likashika mkia, na wote walikosa kwa namna moja, sifuri zimetolewa katikati ya namba. Yeye mwenyewe nilimfundisha akiwa mtoto, kwa hiyo hakuwa na ujasiri wa kunisema. Aliniita ofisini, akanivutia kiti, akazungumzia hali ya hewa kama wewe. Mwishowe akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, akanisogezea, akaniomba nimsomee. Nikacheka. Nikamwambia kweli mmekua, leo mnanipa mimi mtihani. Nikaichukua ile karatasi, nikaigeuza kidogo kuelekea dirishani kana kwamba shida ni mwanga. Sikuweza, Kaka. Yule kijana niliyemfundisha kusoma namba aligeuka akatazama nje ili asinione.

Tangu hapo sijasimama mbele ya darasa. Wameniacha niwe nasimamia maktaba, yaani nakaa kwenye chumba chenye makabati na kufuta vumbi. Mshahara upo na heshima ipo, wananiamkia kwa sauti ya chini kama watu wa msibani. Nakaa pale nimeshika tama.

Wiki iliyofuata nilimwita Kibiriti nje, kwenye vile visanduku. Nilitaka kumwomba radhi na kumrudishia haki yake. Nilimwambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyepata na mimi ndiye niliyekosea. Kisha nikaanza kumwonyesha kwa nini, nikiwa nimesimama kwenye kisanduku cha malaki, na katikati ya maneno namba ikaniponyoka tena. Mtoto yule akanishika mkono, akaniambia nisijali, yeye ameshazoea kusoma ninavyotaka mimi. Nikamwandikia namba chini kwa chaki, nikamwomba aisome anavyotaka yeye. Akaitazama muda mrefu, akaanza, akaacha, akaanza tena, akanitazama usoni kuona kama amepatia. Mwalimu wake mpya ananiambia hajiamini tena, kila sifuri ya katikati anaifuta. Nimekibomoa kitu ambacho mimi mwenyewe sina tena mikono ya kukijenga. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, na usiniandikie kwamba watoto husahau. Huyu hakusahau nilichomfundisha.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu. Binti yangu alinipeleka kwa daktari wa ubongo. Mwanamke mpole, ana sauti ya kubembeleza. Alinitajia maneno akataka niyarudie, akaniambia nihesabu kurudi nyuma, akanipiga picha za kichwa kwenye ile mashine inayonguruma. Akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kupoteza kumbukumbu. Nikajibu hakuna. Nilimkana Mama, Kaka, pale pale, huku binti yangu amekaa pembeni yangu, naye ndiye aliyekuwa akimlisha bibi yake kwa kijiko. Binti hakunisuta. Alimgeukia daktari, akasema yupo, ni bibi, akaeleza yote tangu mwanzo.

Ni ule ule. Daktari hakupindisha maneno, alisema ni ugonjwa wa Mama, kwamba wangu umeanzia kwenye namba, na kwamba hautaishia hapo. Dawa zipo za kuuchelewesha, za kuuzuia hazipo. Anataka na wewe uende ukapimwe, maana tumezaliwa tumbo moja. Nimeshakufikishia ujumbe wake, kazi ni yako. Mimi usiku silali vizuri. Naogopa, na sina namna nyingine ya kulisema. Sioni tumaini lolote, na wanaokuja kunitembelea na tumaini lao wananichosha.

Nina ombi moja tu, na nakuandikia leo nikiwa na akili zangu ili usije ukasema nilikuwa naweweseka. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimwulizia dada yake kila jioni, na sisi tukimwambia kila jioni kwamba dada yake alishakufa? Tuliona ni wajibu kumwambia ukweli. Na kila jioni alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Tulimsahihisha mpaka akafa, Kaka. Mimi nimesahihisha watu maisha yangu yote, na mtu wa mwisho niliyemsahihisha alikuwa mtoto aliyekuwa amepatia.

Mimi usinisahihishe. Siku nitakayokuita Baba, itika. Nikikuambia tuchelewe kidogo kulala kwa sababu Mama hajarudi sokoni, kaa nami tumsubiri. Usinipe mtihani, usiniulize wewe ni nani huku watoto wamesimama mlangoni wanasikiliza. Na nikikuogopa, ondoka chumbani taratibu, urudi baadaye kama mgeni, ujitambulishe kwa jina lolote litakalonipendeza.

Msalimie sana wifi, mwambie asilie, ana shinikizo la damu. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Binti yangu anakuamkia, shikamoo mjomba, anasema ukija uje na mizigo kidogo maana nyumba yetu ni ndogo. Njoo upesi, usingoje likizo.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, ambaye leo bado anakujua.