Ukurasa wa Akello

Jumatatu, tarehe 3

Nimefungua kibanda saa moja, hapa chini ya kilima cha Naguru. Wateja tisa kabla ya chai. Wasiojua kusoma hunitajia namba za siri za pesa zao za simu, nami naziandika daftarini, kila mtu ukurasa wake, wasije wakasahau. Kampuni ya simu inakataza. Kampuni haikai hapa. Mimi Mkenya, mgeni hapa, na bado wananiamini kuliko benki. Najivuna, ndiyo.

Jumatano, tarehe 5

Akello, mteja wangu, amekuja jicho limevimba. Mumewe tena. Ada ya shule ya binti yao aliificha kwenye simu, maana kwenye godoro mume huipata. Leo mume kachukua simu na kitambulisho. Namba hana. Namba iko kwangu.

Alhamisi, tarehe 6

Mume amempiga Akello mpaka akasema namba iko wapi. Namchukia mtu ambaye hata sijawahi kumsalimia. Ningelichoma daftari jana. Sikulichoma kwa kuwaonea huruma wateja wangu wazee. Mjinga mimi.

Ijumaa, tarehe 7

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mume wa Akello alikuja saa nne asubuhi, watu wanaona. Akavunja mlango kwa teke. "Leta kitabu. Mimi iko bwana yake." Nikasema sina. Akanishika nywele, akanigonga uso kwenye meza, tena na tena. Jino likatoka. Daftari likaanguka, nikaliwahi, nikachana ukurasa wa Akello nikautia mdomoni. Akaingiza vidole kuutoa. Nikamng'ata mpaka mfupa. Akachukua chupa ya soda akanivunja vidole viwili. Nikameza.

Vijana wa bodaboda wakamtoa nje, wakampiga kwa mawe. Nilitaka wamuue. Sioni aibu kuandika hivyo. Mke wa askari, jirani yangu, akasimama katikati akipiga kelele mpaka polisi wakaja wakamchukua yule mume akiwa hai.

Jumatatu, tarehe 17

Daftari nimelichoma jikoni, lote. Wazee wamenuna. Nawafundisha kubonyeza wenyewe, tarakimu moja moja, na kuficha. Mzee mmoja ameniuliza kama simtaki tena.

Leo Akello amekuja na laini mpya. Mwenyekiti wa mtaa alimwandikia barua ya kumtambulisha, maana kitambulisho hana. Pesa zote zipo. Nilinyoosha mkono wenye bandeji kumsaidia, kwa mazoea tu. Akavuta simu kwake, akaifunika kwa kiganja.

Nikageuka, nikatazama barabara mpaka alipomaliza.