Msiba wakati wa mitihani

Jumanne usiku

Eti tupunguze sauti. Jirani yangu Mama Salma kazikwa leo alasiri. Jioni tulikuwa kwake tunasoma dua, akaja kijana wa hosteli ya pili mlangoni. "Shikamoo bibi. Samahani, wenzangu wana mitihani kesho."

Adabu anayo, siwezi kusema. Hata pole alitoa.

Zamani msiba ukitokea mtaa huu, kila nyumba ilitoa jamvi na sufuria. Sasa nyumba karibu zote zimevunjwa, wamejenga hosteli za wanachuo. Zilibaki mbili, ya Mama Salma na yangu. Leo majamvi tumekodi.

Wanangu nao wanataka niuze. Nimewaambia bado. Mie namwomba Mungu kitu kimoja tu: siku yangu ikifika, chuo kiwe kimefunga.