Usaili wa Kazi Iliyokwisha Kutolewa

"Vijana wetu hawanyimwi kazi. Wanakuja kwenye usaili hawajajiandaa."

Mdogo wangu Mwanaidi,

Maneno hayo yalisemwa Jumamosi iliyopita hapa Kibaha, kwenye mkutano wa vijana na ajira. Aliyeyasema ni mwenyekiti wa bodi ya ile shule binafsi uliyokwenda kusailiwa kazi ya karani wa ofisi. Ukumbi ulimpigia makofi. Nilinyoosha mkono mara tatu. Mshereheshaji ananifahamu, anajua nikishika kipaza sauti siachii kirahisi, akatazama upande mwingine. Basi nimeamua kukuandikia wewe, hadharani, na wao wasome. Kama ulijiandaa au hukujiandaa, shahidi wako ni mimi, ingawa ushahidi wenyewe utanichoma na mimi.

Tuanze na hilo neno, kujiandaa. Kwa miaka sita ulikuwa unajitolea katika ofisi ya sekondari ya kata kule kwetu Vihingo, Kisarawe. Kwa asiyejua, kujitolea maana yake ni kufanya kazi ya mtu mwenye ajira, kwa saa zake zote, bila ajira yake, ukingoja siku jina lako litakapokumbukwa. Wakuu wa shule walikuja na kuhamishwa, wewe ukabaki. Ndiwe uliyejua faili la mwanafunzi gani limeungana na la nani, na mhuri ukikauka unatiwaje uhai.

Nakumbuka siku niliyokuja kukutembelea, nikakaa kwenye benchi la wageni. Aliingia baba mmoja ametoka shamba, jembe ameliacha nje ya mlango, anataka uhamisho wa mtoto wake. Ulisimama. "Shikamoo baba. Karibu kiti." Ukamjazia fomu, ukamsomea yote, ukarudia tena kumsomea, ndipo ukamsogezea pedi ya wino abonyeze dole gumba. Alipoondoka nikakuuliza kwa nini umsomee mara mbili.

"Mara ya kwanza anasikiliza sauti yangu," ulisema. "Mara ya pili ndipo anasikia kilichoandikwa."

Halafu ulikuwa na ile tabia yako ya kutopita ubao wa matangazo bila kuusoma. Tuliwahi kumpeleka mama kliniki, wewe ukaenda kusimama mbele ya ratiba ya chanjo, ukarudi kutuambia wamekosea tarehe. Mama akasema, "Huyu hata ahera atauliza matangazo yako wapi." Tulicheka sana. Wakati ule tulikuwa bado tunaweza kuyacheka maneno kama hayo.

Uliposikia umeitwa usaili, ulikuja kwangu hapa Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, siku mbili kabla, na vyeti vyako kwenye bahasha ya kaki, na ile sketi nyeusi uliyoazima kwa mwalimu wa hesabu. Ulikariri kujieleza kwako kwa Kiingereza ukizunguka uani kama anayetafuta kuku aliyepotea. Jioni ile ya Jumanne tukapanga meza. Wifi yako alivaa miwani yangu akajifanya mwenyekiti wa jopo.

"Dada, tueleze. Kwa nini tukuchukue wewe tuwaache wengine?"

"Wifi, ukinuna hivyo naanza kulia."

"Hapa hakuna wifi. Jibu swali."

"Kwa sababu najua faili liliko hata likipotea."

"Likipotea unajuaje liliko?"

"Faili la shule halipotei, mheshimiwa. Linakaa chini ya chupa ya chai ya mkuu wa shule."

Wifi yako alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika daftari la maswali, nimejaa hasira za miaka yako sita, nataka ushinde kwa ajili yangu pia. Nikakuambia huko usiseme mzazi, useme mteja, shule binafsi ndivyo wanavyopenda.

"Mteja akiudhika anakwenda duka la pili," ulisema. "Mzazi wa Vihingo akiudhika aende wapi, kaka?"

"Sema mteja."

"Haya. Mteja." Ulilitamka kama unayemeza kidonge.

Kisha ukajikunja, mkono ubavuni upande wa kulia. Ulisema tumbo lilianza jana yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu hivi: "Usishike tumbo mbele ya jopo, wataona unaogopa."

"Siogopi. Linauma."

"Na ukiinuka kabla hujaambiwa uinuke, umekwisha shindwa. Sisi hatukimbii."

Jumatano lilizidi, nikakupeleka zahanati. Mganga alikubonyeza tumbo, ukapiga ukelele. Akaandika barua ya rufaa palepale.

"Apelekwe hospitali leo."

"Anaweza kusubiri mpaka kesho saa nne, saa tano?"

"Mzee, nimesema leo."

Tulipotoka nje ulinitazama. "Wewe unaonaje, kaka?" Swali hilo nalisikia kila siku. Ulikuwa mtu mzima, ungeweza kuamua mwenyewe, lakini kwetu mdogo humsikiliza mkubwa, na mkubwa wako alikuwa mimi. Nikasema, "Miaka sita, Mwanaidi. Utaitupa kwa ajili ya asubuhi moja?" Nikakuahidi nitakusubiri getini na pikipiki, ukitoka tu tunapitiliza hospitali. Ukameza vidonge vya maumivu. Ile barua ya rufaa ukaitia kwenye bahasha ya kaki, pamoja na vyeti.

Alhamisi saa mbili asubuhi ulikuwa kwenye benchi la shule ile, upande wa barabara ya Zegereni, pamoja na wenzako zaidi ya ishirini. Simu mliziacha kwa mlinzi. Jopo lilifika saa tano, na uliitwa saa tisa alasiri. Ulipotoka ulikuwa umejikunja, umeshika ukuta, na midomo imekauka. Swali la kwanza nililokuuliza lilikuwa, "Umejibu vizuri?" Sikuuliza tumbo.

Hospitali, daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka saa kadhaa nyuma, na usaha umesambaa. Walikupasua jioni ileile. Ijumaa mchana uliweza kuzungumza kidogo.

"Kaka, usigombe."

"Sigombi."

"Ile kazi ina mtu."

Nilidhani ni homa inayosema. Lakini ulieleza taratibu, kwa mpangilio, kama unayesoma dokezo la ofisi. Saa tatu kasoro uliinuka kunyoosha mgongo ukasoma ubao wa matangazo. Palikuwa na orodha ya wafanyakazi na majukumu yao ya muhula, imesainiwa, imepigwa mhuri. Kwenye mstari wa karani wa ofisi paliandikwa jina kamili la mwanamke. Ulidhani ni ya zamani, ukaangalia muhula. Ulikuwa muhula huu.

"Halafu akatoka huyo karani mwenyewe," ulisema, "akatuletea karatasi ya mahudhurio tusaini. Kalamu moja ilikataa kuandika. Akarudi mezani, akavuta droo ya tatu bila kuitazama, akatoa nyingine. Mtu wa kushikilia kiti kwa muda hajui kalamu zinakaa droo gani, kaka. Yule ameshakaa."

"Sasa kwa nini hukuondoka? Saa tatu ile! Mimi nipo getini!"

"Ningekwambia nini? Ungesema nimekimbia."

Miaka yote hii nimebishana na wakubwa magazetini na mikutanoni, na watu husema simkosi mtu. Mdogo wangu amelala amefungwa bandeji, ameniambia sentensi moja, nikanyamaza.

Ukafumba macho. Baadaye ukasema, "Hata hivyo nilijibu vizuri. Walipouliza habari za wazazi, nilisema wazazi." Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi ulikuwa umekwenda. Alasiri tukakuzika Vihingo.

Siku ya tatu ya matanga simu yako ilitoa mlio, na mama ndiye aliyekuwa nayo. Mama hasomi, unajua, akanipa mimi. Ujumbe ulisema wanasikitika kukujulisha kwamba hukufikia kiwango kinachohitajika. "Wanasemaje?" aliuliza. Nikamjibu kwamba wanatoa pole.

Sasa nirudi kwa bwana wa makofi. Anasema hamjiandai. Mlikuwa zaidi ya ishirini pale, na wapo waliodamka kabla ya adhana kutoka huko Kisarawe ndani, wengine na watoto wachanga mgongoni. Mlijiandaa kwa kazi ambayo mwenyewe alikuwa amekalia kiti, ana funguo, ana droo yake ya kalamu. Mliitwa ili faili lipate karatasi: tangazo lilitoka, waombaji walikuja, alama zilitolewa, mshindi akapatikana. Wewe uliyetunza mafaili unajua jina la karatasi za namna hiyo. Mlikuwa viambatanisho. Halafu kiambatanisho kimoja kikafa, na mwenye faili anasimama jukwaani kuwafundisha walio hai kujiandaa.

Watanijibu kwamba hawakukuua, na kwamba hawakujua kama unaumwa. Kweli, hawakujua. Mimi nilijua, na hilo ni langu, nitalibeba mpaka nikufuate. Sitalitumia kuwafunika wao, wala sitawatumia wao kujifunika mimi. Nilikuzuia siku moja kwa sababu niliamini upande wa pili wa siku hiyo kuna kazi. Wao walijua hakuna.

Jumapili, siku moja baada ya mkutano ule, nilikwenda Vihingo. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua kunde. Nilimweleza yote. Nikamweleza barua ya rufaa, na maneno yangu nje ya zahanati, na ule ujumbe wa simu ambao nilimdanganya. Nilitegemea atanifukuza. Aliendelea na kunde zake mpaka ungo ukaisha.

"Kwa hiyo ulimwambia asubiri," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Umekuja umesema. Mimi na wewe tutalimaliza, nikiweza." Akajifuta mikono kwa kanga. "Na wale wenzio wa ile shule, walijua tangu lini kwamba kazi haipo?"

Nikasema sijui.

"Kawaulize."

Hajala na mimi tangu siku hiyo. Chakula ananipakulia, kisha anakwenda kula jikoni. Sijui kama ataweza. Nyumbani nako wifi yako hataki tena kuikalia ile meza. Sketi niliirudisha mwenyewe kwa mwalimu wa hesabu. Aliipokea akalia, na ofisini nikaona wamekwisha leta binti mwingine anayejitolea, mdogo kuliko wewe, anajazia watu fomu. Nilitaka kumwambia akimbie, lakini nimepoteza haki ya kulitumia neno hilo.

Lala salama, Mwanaidi. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, na anisamehe asubuhi ile niliyokuomba. Sikuombi wewe unisamehe. Ulikwisha kunisikiliza zaidi ya ilivyostahili.

Sasa nageuka kwa waliobaki. Wakuu wa shule na wajumbe wa bodi, wa Kibaha na wa Kisarawe: mkishamweka mtu kwenye kiti, msiite mwingine kuja kusailiwa kwa kiti hicho. Kama mmekwisha ita, wapigieni simu leo, kabla hawajaazima nguo na kupanda pikipiki. Na wewe, mwenyekiti wa bodi, uliyepigiwa makofi: mama yetu yuko Vihingo, na njia ya kutokea Mlandizi inapitika. Nenda na ile orodha ya ubaoni iliyopigwa mhuri. Keti barazani kwake, umtazame usoni, umwambie mlijua tangu siku gani.

Mimi kaka yako, niliyekuambia usubiri.