Kwa Nini Nimejiondoa Kwenye Safari ya Maporomoko

Kitengela, Jumapili jioni. Mvua ilikatika saa nane, lakini matope bado yamejaa mlangoni, na mimi niko na hasira tangu tutoke kanisani. Nimejaribu kufua. Nimejaribu kulala. Haiishi. Wacha niandike.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikipanga safari ya siku moja ya kikundi chetu cha wanandoa. Tushuke kwa miguu kutoka Kona Baridi hadi maporomoko fulani kule bondeni, tule, tupande, na jioni tuwe nyumbani. Si njia ya kutisha. Kushuka ni kama saa moja na nusu, kupanda ni zaidi kidogo; mawe ni mengi na kivuli ni haba. Maji yenyewe hupatikana msimu wa mvua tu, kwa hivyo ni sasa au tungoje mwakani.

Habari za maporomoko hayo sikuzitoa kwa mtandao. Nilizitoa kwa mama ya mume wangu, ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Amezaliwa huko chini. Akiwa msichana alikuwa akipeleka ndama kunywa maji pale, hadi alipoolewa akaletwa upande huu. Hajawahi kurudi. Yeye ndiye aliyenichorea njia kwa kidole juu ya unga wa chapati, hapa ni mti, hapa ni mwamba, hapa usipite. Alipomaliza akapangusa mkono na kusema, "Mama Sein, na mimi niandike."

Nimeishi na huyu mama miaka kumi na moja. Hilo ndilo jambo la kwanza kuwahi kuniomba.

Nikamwandika. Alhamisi tukakutana hapa kwangu kumaliza mipango. Mwenyekiti wetu, Ndirangu, ndiye aliyesoma orodha. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kupanda mlima mmoja mkubwa, na hakuna mkutano atakosa kutukumbusha. Alipofika kwa jina la Yeyo akaacha kusoma. Yeyo mwenyewe alikuwa hapo hapo akitumiminia chai. Ndirangu akageukia Kiingereza, vile watu hufanya wakidhani mama mzee aliyejifunga shuka hasikii. Akasema safari hii si ya wazee, atatuchelewesha, na wakati wa kupanda nani atambeba? Watu wakacheka kidogo. Akalipiga jina lake mstari.

Yeyo alifagia ofisi mjini Kajiado kwa miaka ishirini. Kiingereza anakisikia vizuri sana. Alijaza kikombe cha Ndirangu hadi juu, akakiweka mezani bila tone kumwagika, akaenda jikoni.

Na mimi?

Nilinyamaza. Niliinamia ile karatasi kama mtu anayehesabu majina. Nilijiambia nitaongea naye baadaye, tukiwa wawili. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana msumbufu mbele ya watu wa kanisa. Tena kuna sehemu yangu iliyofikiri, labda anasema kweli. Hiyo ndiyo sentensi ambayo imeniuma zaidi kuiandika hapa.

Ijumaa haikupita vizuri. Jana asubuhi nikamwambia Yeyo avae viatu, tunaenda sisi wawili. Hakuuliza wapi. Akavaa akala zake za tairi, akachukua fimbo, akaingia kwa gari kabla yangu. Mume wangu akatushusha Kona Baridi, kwenye ule upepo wake, akarudi zake.

Yeyo alinitangulia. Sio kidogo. Mara mbili nilimwita anisubiri. Tulipofika mahali njia ya zamani imezibwa na ua mpya wa waya, hakusimama kushangaa. Alifuata ua hadi kwenye kijito, akapata pa kuvukia, akanionyesha pa kukanyaga. Mimi na raba zangu mpya nikateleza, nikakaa kwa matope. Alinivuta kwa mkono mmoja bila kucheka, ingawa nilimwona akigeuza uso.

Maporomoko si makubwa. Maji yanashuka juu ya mwamba mweusi na kuingia kwenye kidimbwi ambacho ungekizunguka kwa hatua thelathini. Yeyo alikaa juu ya jiwe, akatia miguu majini. Akanionyesha mahali ambapo yeye na dadake mkubwa walikuwa wanalala kifudifudi na kunywa, ndama wakishatosheka.

"Siku ya harusi yangu tulitoka hapa asubuhi," akasema. "Nilidhani nitarudi kesho yake."

Miaka arobaini na tisa.

Tulipanda kwa muda usiotimia saa mbili. Mimi nilifika nyumbani nikilia magoti. Yeye alienda kukamua ng'ombe.

Leo baada ya ibada nikamfuata Ndirangu, kwa upole, nikamweleza yote. Nilitarajia aone haya. Akatabasamu. "Basi ni vizuri," akasema. "Aje atuonyeshe njia mpaka pale kwa ua, halafu anaweza kurudi angoje na dereva."

Yaani kwenda kuona maji, amezeeka. Kutuonyesha njia, miguu imepona. Tunataka anachokijua, yeye mwenyewe hatumtaki. Halafu huyo huyo Ndirangu angesimama mbele ya yale maji, ainue mikono, amshukuru Mungu, apigwe picha.

Mara hii sikunyamaza. Nilimwambia, mke wake akiwa pale, kwamba alimtusi mama yangu ndani ya nyumba yangu, akinywa chai yake, na kwamba Yeyo alisikia kila neno. Nikamwambia afute na jina langu. Akasema nimechukulia vibaya. Mke wake aliangalia chini.

Nimetoka kwenye grupu letu la simu. Kwanza niliandika sababu, mistari mitatu tu. Mama mmoja amenitumia neno "pole", kana kwamba nimefiwa.

Nilipofika nyumbani Yeyo alikuwa anachagua maharagwe. Nikaketi karibu naye, nikamweleza, nikamwomba msamaha kwa ile Alhamisi. Akatoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa nje.

"Nilikuona ukinyamaza," akasema.

Hakuniambia si kitu. Ni haki yake. Nilikaa nalo hivyo hivyo, nikachagua maharagwe pia.

Baadaye akasema angependa kurudi pale kabla maji hayajapungua, na dadake, yule waliyekuwa wanakunywa naye. Anaishi Illasit, analima vitunguu. Nikauliza ana miaka mingapi. Sabini na minne.

Na ninaapa, baada ya hasira yote hii, baada ya kurasa hizi zote, nilifungua mdomo nimuulize kama ataweza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Yeyo alikuwa ananiangalia.

Nikalimeza. Nikamuuliza nambari ya simu ya dadake.

Dadake ameshika simu kwa mlio wa pili. Anakuja Ijumaa, anataka kujua kama tunabeba chai au maziwa.