Ndoto ya Muhsina na Mwalimu wa Nafsi

Msambweni,
Kwale.
14 Februari 2025

Mpendwa Dada Mwanafatuma,

Assalamu alaikum, na shikamoo nyingi. Mgongo umetulia, au viyoyozi vya huko Muscat bado vinausumbua? Sisi hapa wazima, Alhamdulillahi, ila roho yangu haijatulia.

Mwanangu Muhsina ameanza kusomea ushauri nasaha chuoni Ukunda. Mwalimu wao, Hesbon, mtu wa bara, huwafundisha kwamba nafsi ya mtu ina sehemu tatu: moja inataka tu, moja inakaripia, na ya katikati inasuluhisha. Nilicheka. Madrasa tulisomeshwa nafsi ammara iamrishayo maovu, lawwama ijilaumuyo na mutmainna iliyotulia. Huyu naona amezibatiza upya.

Kicheko kiliniisha niliposikia kuwa wameagizwa kuandika ndoto zao daftarini, eti mambo ya utotoni hayafi, hujificha. Wajua kwetu ndoto mbaya haisimuliwi. Mtu hutema mate kushotoni akageukia ubavu wa pili. Huyu azikusanya ndoto za watoto wa watu. Za nini?

Nilimnyemelea Muhsina nikalisoma daftari lake, Mungu anisamehe. Ameandika kwamba huota mwanamke akimwosha karaini huku analia. Nawe wajua ndoto huwa vile ilivyofasiriwa mara ya kwanza, basi nikataka kumuwahi huyo mwalimu. Nikamwambia Muhsina kuwa mwanamke yule ni mimi, nikimwosha siku alipougua surua. Nilisahau kwamba mwenyewe hakuwa amenisimulia neno.

Hakunigombeza. Alinishika mkono, akaugeuza.

"Mama, yule ana kovu la moto hapa."

Kovu hilo unalo wewe, dada. Nawe ndiwe uliyemzaa, na uliponiachia nimlee hakuwa ametimiza miaka miwili, wala tangu hapo hajakuona.

Nakutilia shaka, nisikufiche. Idi iliyopita ulimtumia baibui lililomkaa sawasawa. Vipimo ulipewa na nani? Kama mwazungumza nyuma yangu, sema, nitalia yaishe.

Kama hamzungumzi, basi mtoto anakukumbuka mwenyewe, na hilo laniogopesha zaidi.

Nisalimie shemeji Abdulaziz, ambaye sijui kama ana habari kwamba Muhsina ni wako. Mume wangu Mbwana akusalimu; barua hii sikumwonyesha. Mola akuhifadhi huko ugenini, na atuhifadhie mtoto.

Wako akupendaye,
Hasina,
mama yake Muhsina, mpaka uniandikie vingine.