Upepo wa Mama Umehamia Chukwani

Jumatano, kumi la pili la Ramadhani. Joto. Si lile la kusema "leo kuna vuguvugu kidogo", ni lile la kutoka bafuni ukawa umeshalowa jasho kabla hujashika taulo. Kaskazi imekufa, mvua za masika bado, na hata paka wa ngazini wamelala chali.

Nimefunga, kwa hiyo sitomtukana mtu. Nitaandika tu.

Muhogo uko jikoni, nazi nimeshaikuna, magharibi bado. Nimekaa sakafuni nyumbani kwangu Michenzani, mlango wazi, dirisha la upande wa pili wazi, pangaboi linazunguka juu ya kichwa changu taratibu. Ndiyo raha yangu yote ya kiangazi, na leo hata raha hiyo inanichoma, kwa sababu haya yote ninayotaka kuyasema ni kwa ajili ya pangaboi. Anayeona ni jambo dogo asijisumbue kuendelea.

Mama yangu alikuwa mshona kofia. Kofia za viua, zile ambazo mwanamume huvaa siku ya Idi akajiona yeye ndiye yeye. Amezishona umri wake wote katika chumba kimoja Ng'ambo, amekaa juu ya mkeka, na adui yake mkubwa alikuwa jasho. Tone moja likidondokea kitambaa cheupe, kazi ya wiki imeingia doa. Alikuwa na kipande cha kanga mapajani cha kufutia viganja, anashona, anafuta, anashona, anafuta. Feni aliipata uzeeni, na tangu siku ile hakuna kitu alichokiombea dua kama ile feni.

Alipokuwa mgonjwa aliniambia, "Mwanangu, n'kifa msinijengee kaburi. Nitilieni feni msikitini, watu wasali kwa raha."

Tukafanya hivyo. Kofia alizoziacha sandukuni tukaziuza, tukanunua pangaboi jeupe, tukalipeleka msikiti wa mtaani kwake, likatundikwa chumba cha nyuma cha wanawake, pale pale alipokuwa akisali tarawehe. Kabla fundi hajalipandisha nililiandika WAKFU kwenye panga moja, kwa rangi ya kucha, karibu na kitovu chake. Kitu kikishatolewa wakfu si chako tena, na si cha mtu mwengine. Hakiuzwi, hakiazimwi, hakihamishwi. Na madhali kinatumika, yule ambaye kimetolewa kwa ajili yake anaandikiwa thawabu huko huko kaburini. Kwa hiyo kila nikiingia kusali, nikiliona linazunguka, nilikuwa nasema moyoni: mama anapata chake.

Ndilo jambo pekee nililobaki kumfanyia.

Mwaka huu kabla ya Ramadhani akatokea mfadhili. Simtaji na simlaumu, mtu katoa mali yake kwa nia njema. Msikiti ule ulikuwa na madirisha marefu ya mbao pande zote mbili, ukiyafungua upepo unaingia huku unatokea kule. Yakang'olewa. Vikawekwa vioo visivyofunguka, ikapigwa dari nyeupe ya jipsamu yenye maua na taa za buluu, vikafungwa viyoyozi ukuta mzima. Ikawa kama ukumbi wa harusi. Siku ya ufunguzi watu walisali huku wanatetemeka, na wazee wawili watatu walivaa makoti.

Na mapangaboi yote yakashushwa. Yote, mpaka la kwetu wanawake, ambako kiyoyozi hakikufika, kwa sababu tuliambiwa bajeti imeishia kwenye ukuta unaotutenga.

Kwa nini yashushwe? Nikauliza. Jibu la kamati lilikuwa kwamba mfadhili akija akayaona mapangaboi yananing'inia karibu na viyoyozi vyake, ataona zawadi yake haikutosha. Itakuwa aibu. Hayo ndiyo malezi yetu jamani: mgeni akikuletea sahani, unaficha sahani zako. Bora watu wazirai kuliko mfadhili ajisikie vibaya.

Mimi nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo Mji Mkongwe. Kila chumba kina pangaboi na kiyoyozi, na amri ya mwenye hoteli ni moja: pangaboi kwanza. Mgeni akizidiwa, kiyoyozi kinawekwa ishirini na sita, pangaboi linausambaza ule ubaridi chumba kizima, basi. Analala usingizi mnono na umeme hauondoki kama maji ya mfereji. Mzungu anatoka kwao, anakuja kulala chini ya pangaboi, analipiga picha, anasema ni uzuri wa kale. Sisi tunalishusha tunasema ni umasikini. Niliyasema haya kwa kamati, kwa adabu zote. Nikajibiwa kuwa hoteli na nyumba ya Mungu ni vitu viwili tofauti.

Kumi la kwanza lilikuwa halijesha, umeme wa msikiti ukawa unakwisha kila mara. Viyoyozi vile vinaula kama vimefunga mwaka mzima. Imamu akasimama baada ya sala, akaomba watu wachangie umeme. Siku ya kwanza wakachanga. Siku ya pili wachache. Siku ya tatu kila mtu akawa anatafuta viatu vyake.

Na mimi nawaelewa. Zulia ukilitoa, watoto wako watalionesha. Tangi la maji unaandika "kwa ajili ya marehemu fulani". Umeme hauna pa kuandika jina. Ukishaisha, umeisha, na kesho unaombwa tena. Kwa hiyo kila mtu anataka kutoa kiyoyozi na hakuna anayetaka kukilisha.

Sasa viyoyozi vinawashwa Ijumaa tu. Siku nyengine wanaume wanasali ndani ya vioo kama samaki wa mapambo, na sisi nyuma tunasali ndani ya chungu. Usiku wa kuamkia jana, kwenye rakaa ya ngapi hata sikumbuki, Bi Asha aliyesimama bega kwa bega nami aliniegemea. Nikadhani usingizi. Kumbe anaanguka. Tulimlaza chini, tukampepea kwa mikeka ya kusalia, akafumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ile feni ya mamako iko wapi?"



Leo nimelitafuta pangaboi la mama. Nilipotoka kazini nikaenda kwa katibu wa kamati, nikamwambia kwamba dari ya kwetu ni ile ile ya mbao, kulabu ipo, waya upo umezungushiwa tepu nyeusi, kinachohitajika ni pangaboi na nusu saa ya fundi. Akajikuna shingo. Akasema mapangaboi yote yamehifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Haji, huko Chukwani. Nikamuuliza yamehifadhiwa vipi. Akasema, "Nenda tu, dada'ngu, utayaona."

Nikaenda na jua lote lile na koo kavu. Mzee Haji ni mtu mzima, mtaratibu, kanzu yake haina mkunjo. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa furaha, akaniulizia watoto, akaniombea dua kwa kumtaja marehemu mama. Nilipomwambia shida yangu hakushtuka hata kidogo. Akanipeleka uani.

Uani kuna banda la kuku wa kisasa. Refu, safi, wavu pande zote mbili, upepo wa pwani unapita moja kwa moja. Na chini ya paa, kwa mstari, mapangaboi ya msikiti yanazunguka juu ya vifaranga. Kulikuwa na baridi ya raha. Wallahi nilisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi jasho likanikauka mgongoni. Banda la kuku lina hewa kuliko msikiti wetu.

"La mama lipi?" nikauliza.

Akazima swichi. Yakapunguza mwendo, yakasimama moja moja, nikapita chini yake shingo juu mpaka nikaiona rangi yangu ya kucha. Lilikuwa la mwisho, juu ya chombo cha maji. Kifaranga mmoja alikuwa amesimama chini yake amefumba macho.

Mzee Haji akaanza kunieleza, na naandika alivyosema kwa sababu sitaki kumzulia. "Hawa kuku, mwanangu, joto likizidi kidogo tu wanakufa. N'fanyeje sasa, niwatilie AC? Umeme wote ule! Feni yatosha kabisa, na umeme haili. Muhimu upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea."

Nilimtazama mdomoni. Ni yeye aliyesimamia madirisha yang'olewe. Ni yeye aliyeniambia kuwa hoteli ni kitu kimoja na nyumba ya Mungu ni kitu chengine. Kumbe anajua! Anajua kila kitu ninachokijua mimi, labda zaidi, na akili hiyo ameiweka akiba kwa ajili ya kuku wake. Sisi tukapewa taa za buluu. Nimeishi na hasira nyingi katika maisha yangu, lakini hii ya leo ni mpya, kwa sababu ningemsamehe mjinga.

Nikamuomba anipe langu tu, moja, mengine abaki nayo mpaka atakapoulizwa na wenyewe. Akatabasamu. Akasema hawa kuku wamepangwa kuuzwa sikukuu, likitolewa moja sasa watakufa wa upande ule, hasara. Nisubiri Idi ipite.

"Na kuku nao viumbe wa Mungu, Bi Rahma," akasema. "Thawabu za mamako zamfikia vile vile."

Kuna mambo ukiambiwa na kijana mwenzako unamjibu. Huyu ni mzee, yuko kwake, nimefunga, na amemuombea mama yangu dua muda mfupi uliopita. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Haya, Mzee." Akayawasha tena. Akaingia ndani, akatoka na kuku aliyegandishwa ndani ya mfuko, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Wa futari."

Na nikapokea. Nikasema ahsante! Nikarudi mpaka Michenzani na kuku wa Mzee Haji ananidondokea maji miguuni.

Yuko kwenye sinki sasa hivi. Mwanangu wa kike ameshauliza mara mbili tumuunge nazi au tumkaange. Nimemwambia hapikwi. Ameniangalia kama nimepigwa na jua, na huenda nimepigwa kweli. Lakini siwezi kumtafuna. Nikimtazama naona amenona kwa upepo ambao mama yangu alikaa akifuta jasho miaka yote hiyo mpaka akaupata, kisha akawaachia wengine.

Na usiku wa leo tarawehe ipo. Bi Asha ameleta salamu kwamba atakuja, hata wamkataze. Nitampangia nafasi karibu na mlango, nitabeba kipepeo cha ukili cha kumpepea, na kesho, na kesho kutwa, na siku zote mpaka Idi, ndivyo tutakavyofanya, wanawake wazima tukipepeana kwa zamu huku kuku wa Chukwani wamefumba macho kwa raha?

Hapana. Nilisema "haya" kwa mdomo. Moyo haukusema.

Nimeshampigia simu fundi. Kesho nina zamu ya mchana, asubuhi yangu iko wazi. Atakuja na ngazi na bisibisi, mimi nitakuja na kuku wa watu ndani ya mfuko wake. Watasema Rahma hana heshima, kamvamia mtu mzima mwezi mtukufu. Waseme. Mtaa utapata cha kuzungumza mpaka sikukuu.

Nitapiga hodi. Nitamwamkia Mzee Haji shikamoo, nitamrudishia kuku wake kwa mikono miwili kama alivyonipa. Halafu nitakwenda uani kuzima swichi.