Gerard Pius ni Yupi?

Jumatatu, 4 Machi 2019

Dada yangu Bride amemshtaki mtu siye! Alimtaka yule aliyepitisha katapila upande wa juu wa nyumba yake, kisima kikageuka matope yanayonuka dizeli. Gerard Pius. Hapa ghubani nani hamjui? Ndivyo tunavyoitana: jina lako, kisha la baba yako, basi. Akajaza kwenye dai: Gerard Pius Coady. Kumbe kwa karatasi mwenye katapila, mwana wa Pius, ni Gerard Anthony. Gerard Pius wa cheti cha ubatizo ni mzee mstaafu wa nyuma ya kilima, baba yake Mick, hajagusa katapila maishani. Kapelekewa samansi, kaweka wakili. Nilicheka sana. Halafu nikasoma mwisho wa barua ya huyo wakili, kicheko kikaniisha.

Jumanne, 5 Machi

Wakili anasema: Bride aifute kesi, kila mtu abebe gharama zake. Akitaka kurekebisha dai – amtoe mzee, amwingize mwingine – aombe ruhusa ya jaji, na atadaiwa zote ambazo mzee amemlipa wakili bure. Jaji akikataa, atadaiwa zaidi. Pesa yenyewe ni ile aliyoiweka ya kuchimba kisima kipya! Na kesi mpya hawezi, muda wa kushtaki ulikwisha Januari.

Bride alimpigia karani wa mahakama. "Fomu nitakupa, kipenzi. Ushauri siruhusiwi."

Nikamwambia aachane nayo. "Mercedes, maji ya kuogea nitayanunua dukani?" Akarudi kwenye kanuni zake za mahakama, miwani ya marehemu mumewe puani. Ubishi wa mama mtupu! Unaniudhi, na ninauonea wivu.

Jumamosi, 9 Machi

Theluji, upepo. Bride kaendesha hadi kwa mzee na mkate wa molasi. Nilikwenda nikishuhudie kipigo.

Mzee mlangoni: "Ndiye wewe uliyenifanya mvunja visima?"

"Ndiye mimi. Nimekosea, nisamehe. Gharama nilizokutia nitalipa. Ila niambie, watu wanakuitaje?"

"Gerard Mick! Tangu nanyonya."

"Na Gerard Pius?"

"Si yule jambazi wa katapila!"

Tukanywa chai. Lakini kuyatilia sahihi maneno hayo kwa ajili ya jaji hataki. Wakili kamkataza hata kutufungulia mlango.

Kwenye gari nikamfokea. Unakubalije kulipa kabla hujaamriwa? Akasema kosa ni lake, na akibishania hili dogo, jaji hatamwamini kwenye lile kubwa. Mimi ningemlaumu karani, posta, na hali ya hewa.

Jumatano, 20 Machi

Posta leo, mwenye katapila anatamba. "Mimi ni Gerard Anthony, jamani, someni leseni! Huyo Pius simjui!" Watu hoi kwa kucheka. Anamkana baba yake kwa ajili ya kisima! Nilitaka kumpiga na kifurushi.

Jumanne, 26 Machi

St. John's, kwenye korido ya mahakama. Mapumziko. Lazima niandike.

Bride alisimama peke yake. Kosa ni langu, alisema. Gharama za mzee zilizotokana nalo nitalipa. Ila niliyemshtaki ni yule yule tangu mwanzo – aliyeendesha katapila – jina tu ndilo nililokosea. Sauti haikukatika hata mara moja! Jaji akauliza: nitajuaje kwamba mwenye katapila angelisoma jina hili akajua ni yeye?

Hapo Bride akapekua karatasi zake mara mbili. Nikaona kisima kinakwenda.

Jaji akataka kumwona mzee. Karani akaita: "Gerard Pius!"

"Naam!"

Kutoka nyuma! Mwenye katapila, aliyekuja kutazama sinema ya bure, kasimama wima, kofia mkononi. Mzee wetu kwenye kiti cha mbele hata hakutikisika.

Watu wakaangua kicheko. Jaji hakucheka. "Na wewe, bwana, ni nani?"

"Mimi... Anthony."

Jaji akasema tupumzike, na bwana huyo asiende mbali.

Ruhusa haijatolewa. Gharama hazijatajwa. Wakili wa mzee yuko dirishani anabonyeza kikokotoo, na habonyezi kidogo. Bride anakula mkate wake wa soseji utadhani yuko jikoni kwake. Nilianza kumcheka Gerard, akanikata. "Mwache. Baba yake Pius alimwita hivyo hivyo kila jioni arudi kula."

Jamani, mwanamke huyu!

Mlango umefunguliwa. Bride ananipa kipande kilichobaki nimshikie –